Amplifaya Chini ya Kitanda cha Kamba

Baba,

Mwangaluka. Najua hutajibu, lakini siwezi kuanza bila kukusalimia. Ungenirudisha mlangoni nianze upya. Gitaa lako la besi limepata sauti tena. Habari hiyo nimeitanguliza kwa sababu zinazofuata si nzuri.

Mayu, mama yangu, anaumwa. Ni ugonjwa uleule uliokuchukua wewe, ule ambao hapa Bariadi watu wanautaja kwa sauti ya chini huku wakiangalia pembeni. Alianza kukohoa wakati wa palizi, na sasa hawezi kwenda hata uani bila kushikwa. Namwosha mimi, namgeuza mimi. Shangazi huja Jumapili baada ya kanisa, anasali harakaharaka akiwa amesimama karibu na mlango, kisha anakumbuka kwamba ana mboga jikoni.

Mengi yametokea tangu tukuzike. Matanga yalipokwisha, wadogo zako walikuja na mkokoteni. Wakachukua baiskeli, redio, viti, na ng'ombe wote isipokuwa mtamba mmoja aliyekuwa anachechemea siku ile. Wakachukua na kabati. Mayu hakulilia baiskeli wala ng'ombe, alililia kabati. Wakacheka, wakasema mjane amechanganyikiwa.

Hawakujua. Hawakuwahi kukuona jioni, baada ya chama cha ushirika kuanguka na bendi yake kuanguka nacho, amplifaya zote zimefungiwa stoo na wewe umetoka na besi tu, huna pa kuichomeka. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda, unaegemeza pembe ya besi kwenye ubavu wa kabati, na mbao zinanguruma taratibu. Mayu alikaa upande wa pili, mgongo kwenye kabati, akichambua mlenda. Alisema anakusikia mgongoni. Mimi nilikuwa pembeni yako nikisubiri zamu yangu. Ulipochoka ulinisogezea besi wimbo ukiwa unaendelea, vidole vyako bado viko kwenye nyuzi, ukasema, "Pokea, isikatike."

Besi waliiacha. Unajua kwa nini? Baba Mdogo Shija aliitoa ukutani, akahesabu nyuzi, akamwambia mwenzake, "Hili gitaa bovu, nyuzi mbili zimeshakatika." Akairudisha palepale, hajui kwamba besi ina nyuzi nne tu. Nilicheka, Baba, kwenye msiba wako. Nikajifunika kanga usoni wakadhani nalia.

Lakini besi bila kabati ni ubao tu. Nilijaribu kuiegemeza mlangoni, nikajaribu meza ya jikoni, ikawa inalia kama inzi kwenye chupa. Mwezi uliopita Mayu aliniambia, "Tangu kabati liondoke sisikii kitu mgongoni." Hakuniomba chochote. Nilimwelewa, na nilijua muda wenyewe si mrefu. Nikamuuza yule mtamba mnadani, nikaongezea na pamba ya shamba letu la Sapiwi. Pamba siku hizi wananunua watu binafsi, kila mmoja anakuja na mzani wake, na sijaona mizani miwili inayokubaliana. Nikamwacha Mayu kwa Mama Limbu, jirani yetu, nikapanda basi la Mwanza na besi yako nimeifunga kwenye shuka.

Ungeyaona maduka ya Mwanza sasa! Vitu ambavyo chama chenu kilikuwa kinavisubiria kibali mpaka mnasahau mliagiza nini, leo vimepangwa hadi kwenye ngazi. Mwenye duka alinionyesha kwanza amplifaya kubwa kama jokofu, akafungulia sauti, vioo vikatetemeka. Nikamwambia ashushe. Akashusha. Nikamwambia ashushe tena. Akaniuliza, "Dada, watu wanakuja hapa kutafuta kelele, wewe unatafuta nini?" Nikamwambia nina mgonjwa.

Akaniletea nyingine ndogo, mpya, inang'aa, rahisi kuliko zote. Nikatandika kanga sakafuni, nikakaa, nikaegemeza mgongo kwenye boksi lake na kupiga uzi mnene polepole. Ikakwaruza kama debe lenye mawe. Hiyo ilikuwa ya gitaa la solo. Uliniambia zamani kwamba spika ya solo haibebi besi, karatasi yake inachanika. Mwenye duka akaapa kwamba amplifaya ni amplifaya. Vijana wawili waliokuja kununua kanda wakaanza kunicheka, mwanamke mzima amekaa chini ameipa spika mgongo. Nikawaacha wacheke mpaka wachoke.

Ya tatu ilikuwa mtumba, iko nyuma kabisa, kitambaa cha mbele kimetoboka na kitufe kimoja hakipo. Ni ya besi kweli, ndogo, ya mazoezi ya nyumbani, na inaweza kutumia betri ya gari, maana kwetu nguzo za umeme bado zinaishia sokoni. Niliiweka sauti mwanzo kabisa, pale ambapo ile kubwa ilikuwa inakoroma tu. Nikapiga. Masikioni sikuisikia sana. Niliisikia kati ya mabega, mahali palepale ulipokuwa unampata Mayu. Nililia mle dukani. Mwenye duka akapunguza bei bila kuombwa, nadhani alitaka niondoke.

Nilifika nyumbani nimechelewa, Baba. Nilimkuta hai, lakini zile siku nilizokuwa safarini zilimmaliza. Hawezi kukaa tena. Nilimwinua nimwegemeze kwenye boksi, akateleza mikononi mwangu kama nguo iliyoloa. Nikamlaza, nikatoka nje, nikaitukana amplifaya kwa Kisukuma chote ulichonikataza. Mtamba ameondoka, pamba imeondoka, na mgongo niliousafiria hauwezi kuegemea popote.

Niliporudi ndani ndipo nilipokitazama kitanda. Ni kile cha kamba, ulichokisuka mwenyewe. Nikatoa godoro, nikamlaza juu ya shuka lililokunjwa. Amplifaya nikaisukuma chini ya kitanda, spika ikitazama juu, nikaunga betri. Nikapiga ule wimbo wako wa mavuno, ule ambao besi inazunguka na kurudi, inazunguka na kurudi. Kamba zikaanza kutetemeka. Mayu alikuwa amefumba macho na nikadhani hasikii kitu. Kisha kidole chake kikaanza kugonga ubao wa kitanda.

"Kabati limerudi," akasema.

Tangu siku hiyo nampigia asubuhi na jioni, betri ikiishiwa naipeleka mjini kuchajiwa. Kidole kinazidi kuwa kizito. Jana hakikugonga kabisa. Aliongea mara moja tu, akauliza kama umeshakula. Nikamjibu umekula, umeshiba.

Wadogo zako wamesikia hali yake. Wameanza kupitapita kumjulia hali, na macho yao yako chini ya kitanda. Nawachukia, Baba, nisamehe, ni damu yako lakini nawachukia. Safari hii hawatoki na kitu. Nakuahidi, amplifaya hawaichukui, na besi hawaichukui, hata wakija kugundua kwamba nyuzi zake zimetimia.

Ninaogopa. Ninaogopa nyumba itakavyokuwa nikibaki mimi na ukuta. Lakini sitamwacha aondoke kwenye ukimya. Nitakaa kwenye kigoda chako, sauti nitaiweka mwanzo kabisa, nitapiga ule wimbo wa mavuno mpaka mgongo wake usihisi tena. Kwa hiyo usiende mbali siku hizi. Lala salama, Baba, ila vidole viweke tayari. Nikishamfikisha mwisho wa upande wangu, pokea, isikatike.

Mwanao,
Minza