Kimo cha Gari la Baba

Jumamosi, 2 Novemba 2019

Leo gari limegonga chini. Kona ya tatu ya mteremko, upande ule wa genge — du! — kama mtu aliyeanguka kitandani. Baba alikuwa kiti cha mbele. Akasema tu, "Polepole, Zuwaina." Mimi jasho linanitoka mpaka kwenye nyayo. Mimi niliyejifunza gari na miaka thelathini na tisa, ninayeogopa hata ngazi!

Tukafika hospitali, alhamdulillahi. Baba akalazwa kwenye mashine yake ya kusafisha damu, nami nikarudi uani kulitazama gari. Nyuma kushoto limelala. Kidogo, lakini limelala. Nikapima kwa shibiri, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Kulia shibiri mbili na vidole vitatu. Kushoto shibiri mbili kasoro. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, labda mkono utanionea huruma. Wapi.

Lina miaka ishirini na moja hili gari. Kuna swichi ya kimo: chini, kati, juu. Wengine wanaona anasa. Kwetu ndiyo njia pekee. Magoti ya baba hayamnyanyui tena. Gari likishuka chini kabisa, anajitupa kitini mwenyewe, bila kushikwa na mtu. "Linanipigia goti," husema, "kama ngamia mwenye adabu." Halafu tukifika bondeni nalipandisha juu kabisa tuvuke mawe ya mto. Piki-apu ya ami yangu Humaid ni ndefu, baba hawezi kuipanda. Na kubebwa hataki! Mwaka jana nesi alimshika kwapani tu, mzee akamnunia mwezi mzima.

Mashine ni Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Akikosa mara mbili, daktari alisema, asitafutwe mchawi.

Sijamwambia baba. Wala Yaqub. Kaka yangu akisikia tu atakuja mbio kutoka Maskati, ampeleke mzee kwenye ghorofa yake ya tisa. Na baba alishasema: "Huko nitakwenda nikiwa nimefunikwa shuka." Roho yangu iko juu. Silali vizuri leo, najijua.

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Nimeshuka na baba, magunia manne ya vitunguu, na mbuzi wa jirani yetu Bi Rayya. Ndiyo desturi yetu hapa mlimani, gari likishuka linabebeshwa amana za kijiji kizima, na ukikataa umetukana watu. Limegonga mara nne. Kila likigonga, mbuzi analia, na mimi karibu nimuunge mkono.

Baba kwenye mashine, mimi kwa Fundi Gulzar. Mbaluchi, mwembamba, gereji yake nyuma ya hospitali. Nikamweleza vipimo vyangu.

"Shibiri?" akacheka. "Yako au ya bibi yako?"

Akanipa futi ya chuma. Kisha akakaa kwenye tairi bovu akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kutawadha. Kila mguu wa gari una mpira wa chuma. Ndani nusu mafuta, nusu hewa, katikati ngozi. Ngozi ikichoka, hewa inakwisha, gari linakalia mafuta matupu. "Na mafuta hayabonyei, binti. Ndiyo hiyo du! yako." Kujua kama mipira ni mizima: tafuta mahali tambarare, gari tupu, lishushe chini, tazama mafuta kwenye tangi dogo la plastiki, lipandishe juu, uhesabu yameshuka mistari mingapi. Kumi na minne, mzima. Saba, mgonjwa.

"Na chini ya saba?"

"Hesabu kwanza. Usianze kulia matanga na mtu hajafa."

Akafungua hilo tangi. Akachovya kidole. Akanusa. Uso ukambadilika.

"Nani anakuongezea mafuta?"

Hakuna mtu, nikasema.

"Haya si yake. Haya mekundu ni ya gia. Yanakula mipira yote ndani. Nani?"

Nikamwapia kwa Mungu, hakuna. Akanitazama kama natetea mwizi. Njia nzima ya kurudi nawaza. Kuna mtu anatutakia mabaya? Nani? Kwa nini?

Jumanne, 5 Novemba 2019

Mahali tambarare! Kijiji chetu kimening'inia mlimani, hata sufuria jikoni zinakaa upande. Pako mahali pamoja tu: uwanja wa sala ya Idi. Gari haliingii pale, ni mwiko wa wazee. Nimengoja watu waende mashambani, nikaliingiza. Nikavua viatu kwa heshima. Gari likabaki na vyake.

Futi: kushoto pungufu sentimita nne. Haya. Nikalishusha, nikaweka alama. Nikalipandisha. Linapanda linaguna kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Nikahesabu mistari.

Mitano.

Nikarudia. Mitano. Nikakaa chini pale pale kwenye changarawe. Nikawaza ile kona ya tatu.

Basi namwona Ami Humaid anakuja! Mdogo wake baba, na ndiye mkali wa uwanja huu kuliko imamu. Nikasema leo nimekwisha. Hata hakunigombeza. Akaenda moja kwa moja kwenye boneti iliyo wazi, akachungulia tangi.

"Lo! Limekunywa tena!"

Akatoa kidumu chini ya shali lake. Mafuta mekundu. Na faneli yake!

Nilipiga ukelele, nadhani mpaka Bi Rayya alinisikia. Masikini, akashtuka akajimwagia kanzu. Tangu Ramadhani anafanya hivi! Kila siku ya safari mimi hulipandisha gari alfajiri kuona kama linakubali, halafu naingia ndani kumvalisha baba. Yeye hupita, huona mafuta yako chini, hujaza.

"Lakini ami, likisimama juu mafuta yanakwenda miguuni! Likishuka yanarudi!" Ndiyo maana ya yale madoa mekundu chini ya gari. Nilidhani linavuja. Kumbe linatapika.

"Sasa mimi nitajuaje?" akasema. "Baba yako mgonjwa, wewe mwanamke peke yako. Nikasema hili nitalifanya kimya, Mungu ananiona. Mgeni akimaliza kahawa si unamtilia? Unamtilia mpaka atikise kikombe kuwa yatosha. Hili gari lenu halijatikisa kikombe hata siku moja!"

Nikacheka. Halafu nikalia. Yeye naye akalia, na kidumu mkononi. Watu husema tenda wema nenda zako — ami ametenda, lakini hakwenda zake, alikuwa akirudi mara tatu kwa wiki!

Sina hata wa kumkasirikia. Hofu peke yake imebaki.

Jumatano, 6 Novemba 2019

Leo nimekataa amana. Mara ya kwanza maishani. Bi Rayya: "Ehee, gari la baba yako limekuwa la sultani?" Nimemeza.

Kona ya tatu nimepita na gia ya kwanza, nasoma kila aya ninayoijua. Baba alikuwa ananitazama mikono.

Gulzar kafurahi kumjua mtia mafuta wetu. Kamwaga yote, katia yanayostahili. Nyuma kushoto si mpira peke yake: kuna kijiti kidogo kule chini kinachoiambia mitambo gari limesimama kimo gani, na tope la mto limekigandisha. Kilikuwa kinasema uongo miezi yote. Kakisafisha, gari limekaa sawa. Nilitaka kumbusu kijana wa watu!

Lakini mipira haina dawa. Mipya inatoka Dubai, itafika Jumatatu. Mpaka hapo, kasema, mawe vuka kwa kimo cha kati, usilipandishe juu na uzito ndani. Likikataa, zima, ngoja dakika ishirini pampu ipoe. Jaribu mara mbili. "Ya tatu, pampu inaungua, halafu una sofa, huna gari."

Imebaki safari moja tu kabla ya Jumatatu. Moja. Na Jumamosi inakuja baada ya siku mbili bila mashine, ndiyo ile baba anakuwa vibaya.

Alhamisi, 7 Novemba 2019

Yaqub kapiga. Gari vipi? Zima kabisa, nikasema. Baba vipi? Mzima kabisa. Akasema mwezi huu anakuja "tuzungumze kama watu wazima." Najua maana yake.

Ijumaa, 8 Novemba 2019

Mawingu juu ya mlima tangu adhuhuri. Miguu ya baba imevimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Chini ya mto wake nimekuta kokwa la tende. Tende amekatazwa, zinamwekea sumu kwenye damu! "La zamani hilo," anasema. Lilikuwa bado linanata.

Baada ya magharibi ngurumo. Yarabi, isinyeshe.

Jumamosi, 9 Novemba 2019

Saa moja na nusu asubuhi. Bondeni. Naandikia kwenye usukani.

Ilinyesha. Mto unapita, rangi ya chai ya maziwa. Si mkubwa, lakini gari likiwa kimo cha kati maji yataingia mlangoni. Likiwa juu, tutavuka. Lile jiwe jeupe la katikati tunalopimia bado linaonekana kichwa.

Nimebonyeza swichi. Taa imepepesa. Pampu imenguruma, ikanguruma — haikupanda. Imekataa! Nimezima. Dakika ishirini. Simu hakuna mtandao hapa. Ami Humaid yuko kiti cha nyuma, aling'ang'ania kuja. Baba anapumua kwa mdomo.

Saa mbili kasorobo na kitu. Ami kashuka mwenyewe kupunguza uzito, kasimama mbali kama mwenye hatia. Nimebonyeza mara ya pili. Mbele limeinuka kidogo, nyuma limegoma, limerudi chini lote. Chini kabisa. Limepiga goti. Hata mwandiko sio wangu.

Jiwe jeupe silioni vizuri.

Baba kasema, "Limebakisha mara ngapi?"

Nikajifanya sijaelewa.

"Zuwaina. Wiki nzima unaniendesha kama umepakia mayai. Dirisha la mashine yangu linatazama ule ua. Nilikuona unapima kwa shibiri. Na Humaid hawezi kuficha kitu, alikuja kuniomba radhi kabla hajafua kanzu."

"Mara moja, baba. Fundi alisema mbili. Hii ya tatu inaweza kuiunguza pampu."

"Na uzito uliobaki ni mimi."

Akafungua mlango mwenyewe. Gari liko chini, kwa hiyo akashuka mwenyewe, mkongojo kwanza, mguu, mguu wa pili. Akakaa juu ya mwamba. Kanzu yake imelowa ukingoni.

Tumengoja tena ishirini. Nimesoma Bismillahi. Nimebonyeza.

Limepanda! Mbele, kisha nyuma, polepole, linaguna — limepanda mpaka juu kabisa na taa imetulia. Ami kapiga takbiri. Mimi nimeuma kitambaa cha kichwa nisipige kelele.

Halafu nimemwona baba.

Kiti kiko usawa wa kifua chake. Nikilishusha apande, halitainuka tena na yeye ndani. Sasa hivi ndiyo nimeelewa. Yeye alielewa kabla hajafungua mlango.

Jiwe jeupe limezama. Ami kasogea hatua mbili, kasimama. Mikono nyuma. Hathubutu kumgusa kaka yake. Mimi pia sithubutu, ndiyo maana naandika. Naogopa maji, naogopa kimya chake, naogopa atasema turudini nyumbani na mimi nitamtii.

Anakitazama kiti. Anatazama maji. Ameweka mkongojo chini.

"Acha kuandika, mwanangu," anasema. "Njoo."

Amenyanyua mikono yote miwili juu, kama mtoto anayeomba kubebwa