Mfuko wa Krimu Alionishonea Amani

Jumamosi jioni

Eti Furaha, mwanamke mwenzangu wa kuoka keki kule Kilibula, anapamba keki kwa mifuko ya plastiki, akimaliza anaitupa! Aliniambia hivyo Amani, mume wangu, alipoona krimu yangu nyeupe inatoka na wekundu wa krimu ya jana uliobaki kwenye mfuko wa kitambaa.

"Weye unajua je mambo ya jikoni kwake?" Nilimuuliza, wivu ukinichoma.

Akacheka. "Nilimushonea rido za madirisha, cheri."

Rido! Kumbe aliingia hadi jikoni kupima mapazia! Na Furaha alivyo mzuri, naogopa kweli.

Lakini mfuko huu Amani alinishonea kwa cherehani yake kabla ya harusi. Sasa yuko uani anaufua kwa maji ya moto, povu hadi viwikoni, kipenzi changu!

Plastiki sinunui. Nikinunua, atanifulia nini?