Mifuko ya Ulaya na Buti za Shemeji

Jumapili mchana, La Rochelle, mtaa wetu huku kusini mwa Afrika. Upepo wa Agosti unaleta vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya migodi, na mimi siwezi kukaa. Nimefagia uani mara mbili. Vumbi limerudi, nami nimerudi ndani.

Wiki hii nimebeba kwa mikono yangu kitu kitakachonitoa kazini.

Mimi huosha matangi kwenye kiwanda cha chanjo ya kuku kule Randburg. Ndani ya matangi hayo ya chuma wanakuza vijidudu, kisha wenye makoti meupe wanapata dawa humo. Wao wanaita bayoteknolojia. Sisi tunaoingia na brashi na maji ya moto tunaita kusugua sufuria za wakubwa. Shule niliiacha mwanzoni mwa sekondari, lakini tangi nililoliosha linang'aa.

Miezi michache iliyopita meneja alitukusanya akasema tumepata wabia kutoka Ulaya. Sisi tunatoa jengo na soko, wao wanaleta uvumbuzi. Kulikuwa na keki. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Siku hiyohiyo nikampigia shemeji yangu Amani, mdogo wa mke wangu Furaha, fundi cherehani kule Uvira. Nikamwambia Wazungu wanaingia, matangi yataongezeka, aje nimwombee nafasi. Nilikokulia, mwenye mtaji akifika huanza kwa kutafuta vibarua.

Alhamisi uvumbuzi ulifika kwa lori, tukaupakua. Ni mifuko mikubwa ya plastiki, inatundikwa ndani ya fremu. Vijidudu vinakuzwa humo, halafu mfuko unatupwa.

Hauoshwi.

Deo, Mrundi ninayeosha naye, aliushika mmoja akaugeuzageuza. "Kaka, miaka yote hii, tumeshindwa na mfuko." Tukacheka. Sipho, msimamizi wetu, hakucheka. "Eish, baba. Watabaki wawili tu. Wa kutupa mifuko."

Tuko sita.

Siwachukii hao wabia. Dada mmoja wao alitusalimia sote kwa mkono, akaeleza kwamba mifuko inaokoa maji na chanjo itatoka haraka zaidi. Namwamini. Mama mkwe alipoteza kuku wake wote kwa ugonjwa uliopita kama moto. Chanjo ikitoka haraka, ni vizuri. Ila mimi nitakuwa wapi?

Amani ameshafika Lusaka, yuko kwa shangazi yake, anasubiri basi la Jumanne kuja huku. Leo asubuhi ametuma picha. Amevaa buti za mpira, mpya, zimefika magotini. Chini ameandika, "Shemeji, niko tayari kwa matangi."

Nimeandika jibu nikafuta, nimeandika nikafuta. Furaha hajui lolote. Ameshaazima godoro kwa jirani, anapika sombe, kisamvu cha kwetu, huku anaimba. Niliposhika ufagio tena aliniuliza kupitia dirisha, "Baba Neema, unafagia au unamtafuta mtu?"

Karibu kila mmoja wetu hapa aliitwa na mtu. Mimi niliitwa na binamu, nikamkuta stesheni ananisubiri na koti la baridi mkononi. Ukishamwita mtu, unampokea. Kumrudisha njiani ni aibu, watu wa kanisani wataiongelea mpaka wachoke. Hilo ndilo linalonifagisha uani, kuliko hata kazi yenyewe.

Lakini mwenye kibanda alichokuwa akishonea Amani kule Uvira alisema kiti chake kitamsubiri kidogo. Kutoka Lusaka bado anaweza kurudi kwenye cherehani yake. Akifika hapa, tutakuwa wanaume wawili wa kufagia vumbi.

Harufu ya sombe imenifikia. Naingia jikoni kumwambia Furaha, maana yeye ndiye dada, anastahili kujua kwanza. Kisha tutampigia Amani pamoja, na nitaanza mimi na habari ya mifuko, kabla hajaanza kunisimulia zile buti.