Nilikaa Upande wa Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Leo mpiga besi kapita gereji. Mkuu wa bendi ya ukumbini, mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi nimechuchumaa kwenye mlango wa gari uliobonyea, naunyoosha kwa nyundo, na nikinyoosha huwa sigongi ovyo, natia midundo. Kasimama. Kasikiliza. Kamuuliza Fundi, huyu si ndiye mdogo wake yule mpiga dramu aliyetukimbia? Fundi kasema ndiye, ila huyu mdomo wake ni mkubwa zaidi.

Akaniuliza kama napiga. Nikamwambia mzee wangu, kupiga wanapiga wengine, mimi natoa mfano. Gereji nzima ikacheka. Kiti cha dramu kiko wazi tangu kaka ahamie bendi ya mji mkubwa. Akasema nikajaribiwe ukumbini Jumamosi. Akiwa anaondoka akageuka — kama sijafunzwa, yuko mama mmoja nyuma ya stendi anafundisha, Bi Vijiti, nimpitie kwanza.

Nifunzwe. Mimi. Shule yenyewe niliiacha nikiwa na akili zangu timamu, sasa nirudi darasani kufundishwa kugonga vitu?

Kaka alipokuwa ukumbini sikukosa zoezi hata moja. Nilikuwa na kreti yangu ya soda, naiweka mbele yake, uso kwa uso. Anachopiga yeye kwenye dramu, mimi napiga kwenye mapaja. Nyumbani nina ndoo za rangi nimezipanga vile vile nilivyoona zake. Mfuniko wa sufuria ndio matoazi. Pedeli ya mguuni nimeiunda kwa bawaba ya mlango wa gari, na hakuna mtu mji huu mwenye pedeli kama ile. Samaki hapelekwi kufundishwa kuogelea.

Jumatano, 6 Machi

Mama kaniomba nipunguze kelele, majirani wanadhani tunajenga. Nikamwambia wakae tayari, Jumamosi watasema walikaa jirani na mtu. Akasema basi nenda kwa Bi Vijiti kwanza mwanangu, hata kaka yako alianzia kwake.

Nikamwambia mama umechanganya watu. Kaka hakufundishwa na mtu. Mwenyewe alikuwa akisema, tena mara nyingi: hii iko kwenye damu, mdogo wangu, ukiona mtu anafundishwa ujue hana. Mama akasema alikuwa anatoka hapa kila Jumanne na taulo begani, akisema anakwenda mpirani. Mpirani gani, anasema, viatu vya mpira hana.

Mama anazeeka.

Fundi naye kaingilia, ingawa hakuna aliyemwita. Eti huwezi kunyoosha bati kama hukubali limebonyea. Nikamwambia yeye mwenyewe bati lake la kichwani limebonyea siku nyingi. Kanipa magari mawili ya kupiga msasa, peke yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika.

Haya. Nimevaa shati jeusi. Nimewapa mikono wote, nimewatania wote. Mpiga gitaa nikamwambia ashikilie nyuzi, upepo unakuja. Nikaketi kwenye kiti cha dramu.

Kila kitu kilikuwa upande wa pili.

Matoazi yale mawili ya kubanana, kwangu yako kulia. Pale yako kushoto. Lile toazi kubwa, kwangu kushoto, pale kulia. Mguu wangu wa kushoto ukatafuta pedeli ya ngoma kubwa, ukakuta nyingine. Nikadhani wananifanyia mzaha. Nikasema nani kazigeuza hizi? Mpiga besi akasema hazijageuzwa tangu ukumbi huu ujengwe, alizokuwa anapiga kaka yako ndizo hizi.

Nikaomba nizihamishe kidogo. Akasema mwanangu, dramu hizi zinapigwa na watu wengi, hazimhamii mtu. Piga.

Nikapiga. Mikono ikapishana kama watu wawili mlangoni, huyu anasema pita, yule anasema pita wewe. Kijiti kikanitoka kikampata mpiga gitaa begani. Akasema, upepo wenyewe ndio huu? Wakacheka. Hata yule anayefagia ukumbi alicheka, akiegemea fagio lake.

Mpiga besi hakucheka. Heri angecheka.

Jumapili, 10 Machi

Sikutoka. Ndoo nimezitupa nje. Mama kaichukua moja, anafulia.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda kwa Bi Vijiti. Si kufundishwa. Nilikwenda kumwambia kwamba simhitaji, ili watu waache kunitajia jina lake.

Nilimtarajia bibi wa miwani. Kumbe ana mikono kama ya bondia. Nyumba ya kawaida, chumba cha mbele hakina kochi, kina seti mbili za dramu zimekaa ubavu kwa ubavu kama vitanda vya hospitali. Nikaanza hotuba yangu. Akanikata.

"Nyundo unashika mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mpira unapiga na mguu gani?"

"Wa kulia. Na huwa sikosi goli."

"Sikukuuliza goli. Ulikuwa unakaa mbele ya nani?"

Sikuwa nimemwambia kitu chochote cha kreti.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ukimtazama mtu uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako. Mimi nimenakili kaka kama kioo. Mkono wa kushoto wa mtu anayetumia wa kulia, mguu wa kushoto, ndoo zote kinyume, na nimevitia nguvu mpaka vimekomaa. Akasema amewaona wengi waliojifunza vibaya. Aliyejifunza vizuri hivi kitu kilichogeuka, hajamwona.

Nikauliza, sasa? Akasema njia ni mbili. Nibaki nilivyo, ila kila niendako nibebe dramu zangu au niwaombe watu wanigeuzie zao, na watachoka nami. Au nianze upya, mkono kwa mkono, na mwanzoni nitakuwa mbaya kuliko mtu ambaye hajawahi kushika kijiti, maana yeye hana cha kusahau.

Gari lake limebonyea bampa. Nikilinyoosha, atanifundisha.

Nikamwambia nitafikiri. Mlangoni nikamuuliza, kaka yangu alipita hapa? Akasema, yule wa taulo? Alipita. Nilimkalisha hapa ubavuni kwangu. Mbele yangu simkalishi mwanafunzi, hilo ni jambo la kwanza ninalowaambia wote.

Jambo la kwanza. Wote.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempigia simu kaka. Mara ya kwanza hakupokea. Ya pili akapokea, nyuma yake kimya, hakuna bendi, hakuna watu.

Nikamtania kwanza, ndivyo tulivyo. Kisha nikamuuliza: ulijua kwamba kwa kukaa mbele yako najifunza kinyume?

Akacheka sana. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, nilikuwa nachekesha, kama nyani aliyepata kioo. Wenzake walikuwa wakitaka kuniambia, yeye anawakonyeza wanyamaze.

Nikasema, si ungeniambia tu. Neno moja, njoo huku. Kreti ilikuwa nyepesi.



Akasema, "Kiti kilikuwa kimoja, mdogo wangu."

Halafu haraka haraka akabadilisha sauti, akawa kaka mtu. Nisijisumbue na masomo. Mtindo wangu ni wa kipekee. Nikifundishwa nitaharibika.

Nimekata. Kikulacho ki nguoni mwako, watu wanasema, nami siku zote nilidhani ni habari za chawa.

Ninayoyaandika hapa simwambii mtu: nilikuwa namtazama vizuri. Nilikuwa najua akikunja uso kabla ya kupiga toazi. Nilijua hata akimeza mate. Naye alikuwa ananiona naona.

Ijumaa, 15 Machi

Kabla ya kwenda gereji nimepita kwa Bi Vijiti, nimeng'oa bampa. Jioni nimerudi nalo limenyooka mpaka mtu anaweza kujitazama, nikalifunga. Kaligonga kwa kidole, kasema vizuri, kaa.

Ubavuni kwake. Kijiti kimoja tu, mkono wa kulia, kwenye ngoma moja. Nigonge. Sawasawa, polepole, bila mbwembwe. Mkono ule ule unaonyoosha magari ya watu ukawa kama wa mtoto anayeshika kijiko. Nikatoa mzaha, hakucheka. Nikatoa mwingine. Akasema, "Ukitaka kuzungumza, zungumza na ngoma."

Nimetoka na hasira. Sijui kama nitarudi. Nimemwachia boliti moja haijakazwa — hiyo lazima niirudie.

Jumamosi, 16 Machi

Niko ukumbini, nimekuja kumwambia mpiga besi kwamba nimempitia yule mama. Naandika huku wananitazama, acha watazame, wafikiri nina shughuli.

Kaka amerudi. Nimemkuta kwenye kiti, shati jipya, mikono wazi, eti mdogo wangu, umekua. Kumbe ile bendi ya mji mkubwa ilimwachisha kazi mwezi uliopita. Alipoongea nami kwenye simu juzi alikuwa keshafunga mabegi, akiniambia nisifundishwe. Mpiga besi kanivuta pembeni: kwa sasa atapiga yeye, wewe endelea na yule mama, tutaona nani yuko tayari. Hilo la tutaona alilisema kwa sauti, kaka akasikia.

Kaka mwenyewe akachukua kreti yangu, ile ile, akaiweka mbele ya dramu. Akaipangusa vumbi kwa kiganja. Akasema kaa mahali pako, nikuonyeshe vitu vipya.

Nikaichukua. Nikazunguka nayo. Nimeiweka nyuma ya bega lake la kulia, karibu kiasi kwamba naona vinyweleo vya shingo. Kutoka huku matoazi ya kubanana yako kushoto. Pedeli iko mguu wa kulia. Kitu rahisi hivi.

Akageuka.

"Unafanya nini huko?"

"Nimekaa."

"Kaa mbele kama zamani."

"Mbele kuna joto."

Mpiga gitaa kacheka. Kaka hajacheka. Kaweka vijiti juu ya ngoma, kavichukua, kaviweka tena. Anasema hawezi kupiga na mtu mgongoni. Mpiga besi anasema tangu lini, mbona ukutani nyuma yako kuna watu kila siku. Kaka anasema huyu si watu.

Nimetoa daftari. Mguu wangu wa kulia uko chini, nimeutanguliza kidogo, unangoja. Mpiga besi anahesabu, moja, mbili. Kaka hajainua mikono.