Uvimbe Tuliodhani ni wa Nyuki

Tabora,
Agosti 1975

Kaka yangu Silasi,

Shikamoo, tena leo naipigia magoti kabisa, maana najua ukimaliza kusoma utataka kunigombeza. Habari za huko kijijini? Mama hajambo? Na wale mbuzi waliogoma kuhamia kijiji kipya, wamekubali sasa au bado wanarudi mahameni kila asubuhi? Huku Tabora upepo ni mwingi na vumbi limetuchosha, lakini shule inaendelea.

Barua yako niliipata, na tangu niipate sijatulia. Umeandika kwa upole wako ule ule, kana kwamba unanipa habari za mvua, kwamba Baba siku hizi anasinzia mchana na bakuli la uji mkononi, usiku anazungukazunguka uani, na akiulizwa jambo la leo anajibu la jana. Umesema bwana dawa wa zahanati alimchoma penisilini, homa ilipokataa kukoma akampa klorokwini, na sasa Baba mdogo Masolwa anataka mumpeleke kwa mganga wa Nzega, kwa kuwa mizimu ya kaya tuliyoihama imekasirika. Kaka, msiende Nzega. Nakuomba hilo kabla sijatoa sababu, usije ukaichoka barua njiani.

Mwaka huu baiolojia tunafundishwa na Bi. Khole, binti wa mzee Salmini mwenye duka la khanga Isevya. Anasema kosa letu ni kuviita vyote vijidudu, kisha kuvitafutia dawa moja. Virusi, kama vya surua, ni vidogo mno hata hadubini yetu haivioni, wala haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli ya mwingine. Bakteria, kama wa kichomi, ni seli moja inayojitegemea ila haina kiini. Hao wana ukuta, na penisilini kazi yake ni kuubomoa. Protista wengi nao ni seli moja, lakini wakubwa zaidi, wenye kiini, na wale wanaotuuguza hawana ukuta wa namna ile, kwa hiyo penisilini haina cha kubomoa. Humo wamo wa malaria, na wamo wa malale. Mimi nikauliza, kama ni kundi moja, klorokwini si itawamaliza wote? Alicheka, akasema mbuzi na chui wote ni wanyama, lakini hebu nimtege chui kwa majani.

Sasa sikiliza. Juzi alitutaka kila mmoja atoe tone la damu, tulitazame likiwa bichi. Kwenye kioo cha mwenzetu mmoja, aliyekuwa na homa ya kuja na kuondoka, tuliona chembe nyekundu zinasukumwasukumwa kama watu wa mnadani. Rafiki yangu Siwema akapiga kelele kwamba ni bakteria. Mwingine akasema ni malaria. Mimi nikabisha, nikasema vimelea vya malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu, na hiki kilichokuwa kikizisukuma kilikuwa nje, kirefu, kinajinyonganyonga. Nikasema ni malale, nikafurahi kwa kujua. Bi. Khole aliinama akatazama, akatazama tena, kisha akafunga somo kabla ya kengele. Hapo furaha yangu yote ikaisha.

Hospitali daktari alimhoji huyo mwanafunzi alikuwa wapi likizo, kama aliumwa na mbung'o, kama alipata uvimbe mwekundu mahali alipoumwa. Nami nikakumbuka dago, kambi yetu ya warina asali. Unakumbuka mwezi wa sita, tulipokwenda msituni kurina asali ya kijiji, jinsi Baba alivyovimba shingoni? Wewe ulitaka kuukanda kwa maji ya moto, yeye akakataa, akasema mrina asali hahesabu miiba, na anayelialia huwapa nyuki kiburi. Tukacheka sote. Lakini mwiba wa nyuki huvimba leo, keshokutwa umenywea, na uvimbe ule ulikuwepo hata tulipovunja dago. Nani kwetu angeushangaa? Daktari anasema mbung'o mwenye vimelea akiuma, huweza kuacha uvimbe kama ule, na warina asali huchelewa kufika kwa sababu kila uvimbe wanamsingizia nyuki.

Naogopa, Kaka. Vimelea hivyo huanza kwenye damu, baadaye huingia ubongoni, na kusinzia mchana ni dalili ya huko ubongoni. Dawa ipo. Ni kali, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo anavyohitaji iliyo kali zaidi, lakini ipo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Baba yetu kwa kuficha maradhi hana mpinzani. Atakwambia hospitali ni ya watoto na wajawazito. Atakwambia mizinga haina wa kuilinda. Wewe humbishii, Mama atalia tu, na Baba mdogo atakuwa ameshafunga mizigo ya Nzega.

Kwa hiyo sina budi kusema ninalolizunguka tangu mwanzo. Yule mwanafunzi mwenye homa ni mimi. Damu ile ilikuwa yangu, na barua hii naiandika kitandani, wodini. Uvimbe wangu ulikuwa nyuma ya goti, nami sikuutaja, kwa kuwa nilitaka nionekane mtoto wa mrina asali kweli kweli. Wamenitoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta ubongoni vimelea havijafika. Nimeanza sindano, zinanitapisha, lakini daktari anasema nitapona. Nilikusudia kunyamaza mpaka nitoke, kwa sababu moyo wa Mama naujua.

Lakini nimewaza sana. Baba hatapanda treni kwa ajili ya nafsi yake. Kwa ajili yangu atapanda. Usimtajie malale, wala hadubini, wala daktari. Mwambie Paskazia amelazwa Tabora na anamwita. Akishafika mlangoni hapa, mengine niachie mimi. Nawe uje utolewe damu, usinibishie. Msituni tulilala sote watatu, na umeandika mwenyewe kwamba kichwa kinakuuma kila jioni, ukalisingizia jua.

Barua hii anaileta Siwema; Bi. Khole amemwombea ruhusa. Ataikabidhi mkononi mwako, kisha awasubiri stesheni ya Igalula mrudi naye. Mama msalimie sana, umwambie nakula vizuri. Baba mdogo naye mpe heshima zake, tambiko atafanya tukirudi, mimi mwenyewe nitasonga ugali.

Mwambie Baba namngoja. Mwambie leo hii, akiwa macho.

Mdogo wako akupendaye,
Paskazia