Dramu Zako Nyekundu Bado Ziko Kwangu

Mjukuu wangu Juma,

Wewe umekuwa mtu wa namna gani? Misimu miwili ya mvua imepita hujakanyaga Koboko, halafu unatuma maneno kwa watu: "Mwambieni bibi amuuzie Mkongomani zile dramu zangu za muziki, ni takataka." Takataka! Hicho kinywa nilikilisha mimi. Binti wa jirani ndiye ananiandikia haya, na nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Huyo Mkongomani mchuuzi alikuja. Akazizunguka, akagonga moja kwa kucha, akakunja uso. "Mama, hizi iko za zamani, za bei ya chini. Mutu gani atazitaka?"

"Kama hakuna mutu, wewe umevuka mpaka kutafuta nini?"

Alicheka mpaka akaomba maji. Amesema atarudi soko lijalo.

Mimi sijasahau siku ulipozileta kutoka Arua juu ya lori la tumbaku, umezikumbatia kama kuku na mayai yake. Dukani kulikuwa na nyingine za kung'aa, lakini mfuko wako ulikuwa mwembamba. Vijana wa bendi ya mtaa wa Oli walikucheka wee!

Halafu ile harusi kule kijijini Midia. Shangazi yako Zainabu alikuwa anapasha moto ngoma za wanawake ili ngozi zikaze. Akakuonea huruma, akaisogeza na yako motoni. Kumbe yako ilivaa plastiki! Ikajikunja kama sambusa.

"Shangazi, umeniua!"

"Sasa ngoma gani hii inaogopa moto?"

Plastiki nyingine ungeitoa wapi? Duka la Mhindi lilikuwa limefungwa, hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Nikaloweka ngozi ya mbuzi, nikaikwangua manyoya, fundi baiskeli akaibana kwa spana. Ngozi ikikauka huvuta kwa nguvu, Juma, na mti mwembamba hukubali kupinda. Wa kwako ulikataa. Mbao zake nene, pete yake chuma kweli, nati hazikulegea. Kesho yake ulipoipiga, wazee waliacha chai ikapoa.

Wale wa Oli wakaiga, wakavisha ngozi dramu yao ya kung'aa. Wakaniletea kitu chenye umbo la yai. "Bibi, tusaidie." Nikawaambia wakakaange.

Sikudanganyi, hazijabaki kama mwanzo. Kiti cha mpigaji kinayumba, na ile sahani kubwa ya shaba ina ufa, ukiipiga inalia kama sufuria. Lakini mbao ziko imara, nazipaka mafuta mwenyewe, na kuku akitaka kulala ndani anapata fimbo. Ukitaka mpya leo, utapewa rangi nzuri na mbao nyembamba kama karatasi.

Tena nikuambie wazi, maana mimi sijui kuzunguka. Siogopi dramu kuondoka. Naogopa kwamba zikiondoka, hutakuwa na kitu cha kukurudisha hapa. Nyumba iko kimya mno. Zamani nilikuwa nakufokea uache kelele. Sasa nakaa nasikiliza mbuzi wakitafuna.

Basi njoo kabla ya hilo soko. Usianze na salamu ndefu. Keti, piga mpaka shati lilowe. Ukimaliza, kama bado ni takataka, zibebe wewe mwenyewe, moja moja, mpaka barabarani, mimi nikiwa mlangoni nakutazama.

Ni mimi bibi yako, mama wa mama yako.