Tangazo ya Mama Ngalula

Siku ya tano ya juma, mangaribi

Na mi mwenyewe njo niliahidi!

Asubuhi ku kilio nilimuambia Tata Ilunga, bwana ya Mama Ngalula, mbele ya bamama bote: "Usisumbuke kutuma mutu na train kule Tenke kuambia yaya, ndugu mukubwa wa tumbo moja na marehemu bibi yako. Leo mangaribi mutoto wangu Kalala atasoma kifo ya Mama Ngalula mu radio ya paroisse, ya kanisa yetu. Sauti kama ile haiko mu Kolwezi muzima!"

Bamama bakacheka, hata mule mu machozi. "Mama Kalala na mutoto wake!"

Lakini ni kweli. Mi njo nilizaa ile sauti.

Saa ya matangazo nikafungula radio nguvu, majirani basikie. Ikatoa sauti ya upepo tu.

Kalala akaingia, macho chini. "Mama, zima, inakula pile, betri zitakwisha bure. Basoda na bunduki zao balibeba mashine ya kutangazia. Banasema ruhusa yetu haina kazi tena, tuombe ingine Kinshasa."

"Na Mama Ngalula?"

Akatoa karatasi ya tangazo mu mufuko. Haikusomwa.

Train ya Tenke ilishaenda, na kesho asubuhi tunazika. Kwa desturi yetu ya Kasai, wa tumbo moja njo anatupa udongo wa kwanza.

Sijamuambia bado Tata Ilunga.

Na yule yaya, kule Tenke, sasa hivi anatikisa radio yake. Anafikiri ni pile ndiyo imekufa.